Leseni ya bure imenipa sifa kazini, sasa silali

Shikamoo Mama,

Mimi ni mama wa watoto wawili, nina miaka 33, naishi Morogoro. Nilisomea kompyuta ngazi ya diploma na tangu mwaka 2021 nafanya kazi kwenye Saccos moja ya wafanyakazi. Kitengo cha kompyuta ni mimi peke yangu. Seva ni mimi, mtandao ni mimi, printa ikikwama naitwa mimi, hata simu ya mezani ikikata.

Seva yetu ipo stoo, nyuma ya rafu za mafaili ya mikopo. Mwaka juzi diski yake ilikufa na tukapoteza rekodi za siku tatu za marejesho. Tulikaa hadi saa nne usiku, wahasibu wawili na mimi, tukiingiza upya risiti moja moja kutoka kwenye boksi. Bodi ikaniagiza nitafute dawa. Nikaomba bei ya programu nzuri ya kugawa seva moja iwe kama seva kadhaa na kuchukua bakapu, yaani nakala za akiba, kila usiku. Ankara ilikuja na shilingi milioni 8 na ushee kwa mwaka. Bodi ikasema fedha hiyo haipo, nitafute njia nyingine.

Mwezi wa sita mwaka jana nilihudhuria semina ya siku moja Dar. Kampuni moja ya programu ilikuwa na meza pale, wakigawa mifuko, fulana na kadi ngumu ya rangi ya bluu yenye namba ya kukwangua kama vocha. Imeandikwa kwa herufi kubwa kwamba ni leseni ya seva ya bure, mwaka mzima, huduma zote. Nilimuuliza binti wa pale mezani, "Ni bure kweli?" Akanijibu, "Bure kabisa dada, wewe jisajili tu." Nikajisajili kwa barua pepe yangu binafsi kwa sababu ya ofisini wiki hiyo ilikuwa haifanyi kazi. Masharti yalikuwa marefu mno, nikateremka hadi chini nikabonyeza "Nakubali".

Mama, ile programu ilifanya kazi kama ndoto. Mwezi wa kumi na moja umeme ulirudi kwa nguvu ukaunguza ubao mkuu wa seva. Nilichukua kompyuta ya akiba, nikarudisha kila kitu, na baada ya saa mbili wanachama walikuwa wanahudumiwa dirishani kama kawaida. Meneja alinipigia makofi mbele ya wafanyakazi wote. Kwenye kumbukumbu za kikao cha Bodi iliandikwa kwamba ofisa TEHAMA "amekiokolea chama zaidi ya shilingi milioni 8 kwa kupata programu ya bure". Januari nikapewa ajira ya kudumu. Na mkutano mkuu utakaofanyika wiki tano zijazo wamepanga kunipa cheti na zawadi.

Wiki tatu zilizopita nilipata barua pepe kutoka kwa ile kampuni. Wanasema wanapenda kujua ninavyoitumia leseni yangu ya promosheni na kwamba mtu wao atanipigia ili "kuhakiki matumizi". Usiku ule nilikaa na simu sebuleni watoto wakiwa wamelala, nikasoma masharti kwa mara ya kwanza. Yanasema leseni ni ya aliyejisajili tu na haihamishiki. Yanasema ni kwa ajili ya kujifunza, kujaribu na kuonyesha wengine. Yanasema isitumike kwenye "prodakisheni". Hilo neno nakumbuka nililiona hata kwenye ile kadi, nikadhani wanazungumzia viwanda. Nikajiambia sisi Saccos hatuzalishi kitu, halituhusu. Kumbe wana maana ya kazi halisi ya kila siku.

Leseni imebakiza siku 52. Mume wangu anasema ninyamaze, nipokee cheti changu, siku zikikaribia kuisha nijisajili kwa barua pepe nyingine. Rafiki yangu niliyesoma naye ameniambia ana toleo lililovunjwa ufunguo, lisiloisha muda, atanipa kwenye flashi. Mimi mwenyewe nimefikiria nije ofisini Jumamosi, niing'oe kimyakimya na kuweka nyingine ambayo ni bure kweli, Jumatatu waikute imeshabadilika.

Kinachonikosesha usingizi zaidi ni Mwenyekiti wa Bodi. Ni baba mdogo wa mume wangu. Yeye ndiye aliyesema kuna mkwe wake amesomea kompyuta, nami nikaitwa kwenye usaili. Watu walisemasema sana wakati ule. Nikianguka, naanguka naye.

Mama, je, mimi ni mwizi? Nimwambie Meneja kabla ya mkutano mkuu au baada yake? Au ninyamaze? Nisaidie, maana hata chakula hakipiti.

Asiyelala, Morogoro

*

Marahaba mwanangu,

Barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili nikiwa na kalamu mkononi. Kabla ya kustaafu nimefanya kazi kwenye vyumba vya kompyuta kwa miaka mingi, vya serikali na vya mashirika, kwa hiyo stoo yako nyuma ya rafu za mafaili naiona kabisa, na lile joto lake. Naomba nianze kwa kukurudishia barua yako kama nilivyoielewa, ili nikikosea unisahihishe.

Ulipewa zawadi kwenye semina. Ukaitumia kuokoa chama kilichokwama. Ikakuokoa na wewe, ikakupa ajira na jina. Sasa umegundua kwamba zawadi ile ilikuwa na mipaka, na jina lako limejengwa juu ya mpaka uliovukwa. Unaogopa kampuni, unamwogopa Meneja, unaogopa watakaosema "si tulisema". Ila nilivyokusoma, kampuni ndiyo inayokutisha kidogo kuliko wote hao, ingawa ndiyo uliyoianza.

Twende kwenye neno lenyewe, bure. Kwenye programu za seva neno hilo moja limebeba mambo mengi yasiyofanana, na watu wazima wenye digrii huteleza papo hapo. Kuna programu ambayo mwenyewe ameiachia kwa leseni huria: PostgreSQL na MariaDB za kutunzia databesi, yaani hifadhi ya rekodi, au Debian, mfumo wa kuendeshea seva. Hizo unaziweka hospitalini, benki au dukani, hakuna anayekuuliza unafanyia nini. Kuna inayotolewa bure kwa kazi halisi lakini imekatwa mbawa. SQL Server, programu ya databesi ya Microsoft, ina toleo liitwalo Express, ruksa kulitumia kazini, ila kwa miaka mingi, hadi lile la 2022, databesi yake moja ilikuwa haizidi gigabaiti 10. Sasa angalia ndugu yake, toleo la Developer. Lina kila kitu kilichomo kwenye toleo la bei ghali, nalo ni bure, lakini kwa kutengeneza na kujaribu tu, na kazi halisi haliruhusiwi kuigusa. Mtu asiyejua atachagua Developer kwa sababu lina mengi zaidi, akidhani amepata bora, kumbe la kumfaa lilikuwa lile dogo.

Kuna za muda. Windows Server ya majaribio hupewa siku 180, na zikiisha seva huanza kujizima yenyewe kila baada ya saa moja. Nimewahi kuitwa kwenye ofisi moja iliyohangaika wiki nzima ikibadilisha nyaya za umeme, kumbe ni hilo. Na kuna za mtu binafsi. Tangu mwaka 2021 Red Hat, kampuni ya mfumo wa kuendeshea seva, humpa mtu mmoja mmoja leseni ya kutumia kwenye mashine hadi 16 bila malipo, hata kwa kazi halisi, lakini ni ya mtu huyo, haikutolewa kwa ajili ya kampuni anayoifanyia kazi.

Kadi yako ya bluu ipo kwenye kundi jingine tena, la promosheni. Kampuni inampa fundi programu nzima, bila kukata kitu, ili aizoee mkono. Wanajua fundi akishaizoea nyumbani, siku ofisi yake ikitaka kununua ataitaja hiyohiyo. Hapo ndipo wanaporudisha fedha yao. Ndiyo maana masharti yanarudia yale mambo mawili uliyoyaona: ni yako wewe, na ni ya kujifunzia. Yule binti hakukudanganya, kwako wewe ilikuwa bure kweli. Hakukuambia tu kwamba kwa Saccos si bure, na wewe hukumwambia kwamba unaipeleka Saccos.

Kuhusu "prodakisheni", naomba usijichape sana. Mwalimu wetu wa Kiingereza alitufundisha kuwa ni uzalishaji, na uzalishaji kwetu ni kiwanda cha sukari au cha tumbaku. Kwa watu wa programu, neno hilo lina maana ya mahali ambapo kazi inayotegemewa na watu inafanyika. Mwanachama akisimama dirishani akauliza salio lake na jibu likatoka kwenye seva ile, basi hiyo ndiyo prodakisheni. Lakini nakuuliza kwa upole: ile siku ungelielewa vizuri, ungeacha? Sikulaumu. Nataka ujue jibu lako mwenyewe, maana Meneja naye anaweza kukuuliza hivyo, na ni afadhali swali likukute umeshalifikiria.

Je, wewe ni mwizi? Mwanangu, mwizi hajisajili kwa jina lake kamili na barua pepe yake. Ulikubali mkataba bila kuusoma, na umeutumia nje ya ulichoruhusiwa. Hilo ni kosa, tusilifunike. Sheria yetu ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inazilinda programu za kompyuta kama inavyolinda kazi nyingine za ubunifu, na masharti uliyobonyeza ni makubaliano kati yako na ile kampuni. Uzito wa kosa hilo kwenye hali yako hasa ni swali la wakili, na kama Saccos ina mwanasheria inayemtumia kwa mikataba ya mikopo, anatosha kwa kuanzia. Lakini toka kwenye "nimetumia nje ya masharti" hadi "mimi ni mwizi" kuna safari, na umeisafiri yote usiku mmoja sebuleni, peke yako, ukiwa na simu.

Sasa hiyo barua pepe ya kuhakiki. Umeisoma kama wito wa polisi. Huenda ni hivyo, lakini barua za namna hiyo nilizoziona mimi, nyingi zilitoka kwa watu wa mauzo. Leseni inakaribia mwaka, wanataka kujua kama kuna mteja. Cha kufanya ni kurudi kwenye masharti, safari hii mchana, kwenye kompyuta. Tafuta kipengele kinachozungumzia ukaguzi: je, kampuni imejipa haki ya kukagua, na kwa taarifa ya siku ngapi? Tafuta kinachosema leseni inakomaje. Kuna masharti yanayosema ukivuka mpaka leseni inakufa papo hapo, na kuna yanayokupa siku za kujirekebisha. Na tafuta kinachosema siku 52 zikiisha kinatokea nini: mashine zilizowaka zinaendelea? Bakapu zinasitishwa? Ulizokwisha kuchukua zitafunguka? Hilo la mwisho nimeliandika pembeni mwa barua yako, maana hukuligusa kabisa.

Na kuna jambo jingine ambalo hukuligusa, nami ndilo linaloniumiza kichwa kuliko kampuni. Seva ya chama ina leseni yenye jina lako. Ujumbe wa kuisha muda unakuja kwenye simu yako. Ukiugua leo ukalazwa, au ukapata kazi Dodoma, hakuna mtu pale ofisini anayejua kwamba kuna tarehe inakuja. Wewe umehesabu hatari inayokukuta wewe. Wanachama wale waliokaa foleni mwezi wa kumi na moja nao wana hatari yao, na hawajui.

Tuziangalie njia ulizoziweka mezani, na moja ambayo hukuiweka.

Toleo la kwenye flashi. Hapa sitazunguka. Programu iliyovunjwa ufunguo imeguswa na mkono usioujua, na unaiweka chini ya kila kitu, mahali inapoweza kusoma akiba na mikopo ya kila mwanachama. Tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ianze kutumika, chama kinachotunza taarifa za watu kina wajibu wa kuzilinda. Leo una kosa la kutokusoma. Ukichomeka flashi ile unakuwa na kosa la kukusudia, na rafiki yako naye ameingia.

Ushauri wa mumeo. Namwelewa, anamlinda mkewe na baba yake mdogo kwa pamoja. Kunyamaza kunaweza kukuvusha mkutano mkuu. Lakini kujisajili upya kwa barua pepe nyingine kila mwaka ni kazi isiyo na mwisho, na kunategemea kampuni iendelee kugawa kadi. Kampuni hubadilika. Kampuni ya Broadcom ilipomaliza kuinunua VMware Novemba 2023, haikuchukua muda: Februari 2024 toleo la bure la ESXi, programu ya VMware ya kugawa seva, lililokuwa limebeba seva za maofisi mengi madogo duniani, likaondolewa. Likarudi Aprili 2025, lakini kwa mwaka na zaidi watu walikuwa hawajui wasimame wapi. Halafu kuna mkaguzi. Kitabu cha kumbukumbu za Bodi kimeandikwa milioni 8 na programu ya bure. Mkaguzi wa COASCO, shirika la ukaguzi wa vyama vya ushirika, au wa nje, akiona mstari ule ana haki ya kusema, "Naomba nione leseni yake." Atakayejibu ni nani?

Ile ya Jumamosi. Hii naiheshimu, kwa sababu inataka kurekebisha. Na zana zipo. Proxmox, kwa mfano, inagawa seva kama unayoitumia sasa na ina programu yake ya bakapu. Ni huria, unaruhusiwa kuitumia kwa kazi halisi, na wanachouza wao ni msaada wa kitaalamu na masasisho yaliyopimwa zaidi. Ukiingia bila kulipia itakukumbusha kwamba huna usajili, lakini kazi itafanyika. Kwa hiyo uwezekano upo, ila neno kimyakimya ndilo linalonitia wasiwasi. Umewahi kuhamisha mashine nzima ya chama peke yako, Jumamosi, kwenye stoo, bila mtu anayejua uko wapi? Bakapu zako zote zimefungwa kwa ile programu ya zamani. Ukiing'oa kwanza ndipo ukagundua mashine mpya haiwaki, unafungua kwa kutumia nini? Na Jumatatu wakiuliza kwa nini dirisha limefungwa, utaanza kueleza wapi? Kuhama kwa usalama kunataka mashine ya pili, kunataka kurudisha bakapu pale na kufungua mfumo, mhasibu aangalie salio la wanachama wachache alinganishe na vitabu, ndipo uguse ya zamani. Hiyo ni kazi ya wiki mbili au tatu, na si rahisi kuifanya bila Meneja kujua. Unaona, hata njia ya kimya inakurudisha mlangoni kwake.

Njia ambayo hukuiandika ni kuzungumza na kampuni yenyewe. Unaweza kuwapigia kabla hawajakupigia, ukauliza maswali ya mteja: leseni ya promosheni ikiisha, taasisi ndogo ya wanachama ikitaka kuendelea kihalali inalipa nini, kuna punguzo, kuna toleo dogo? Hatari yake ni kwamba ukishaanza kueleza, unaeleza kwa niaba ya chama, na wewe si msemaji wa chama. Jina la Saccos likitoka kinywani mwako kabla Meneja hajajua, umemfungulia kesi aliyelala. Maswali ya jumla unaweza kuyauliza leo. Yenye jina, yasubiri.

Tunafika kwa Meneja, ambako nadhani moyo wako ulishafika kabla hujaniandikia. Uliuliza kabla au baada. Ukisema baada, una wiki tano za amani ya nje, halafu unarudi mezani kwake ukiwa na cheti ulichopokea ukijua. Hapo swali lake halitakuwa la leseni tena, litakuwa "mbona ulipokea?" Na zitakuwa zimebaki kama siku 17 tu za kuhamisha mfumo. Ukisema kabla, unaweza kukosa cheti, anaweza kukasirika, anaweza kukuandikia barua ya onyo. Siwezi kukuahidi kwamba hatafanya hivyo, mimi simjui, wewe unamjua. Je, ni mtu wa kupewa habari mbaya asubuhi au baada ya dirisha kufungwa? Alipoletewa kosa la mhasibu, alifanyaje? Hayo ndiyo yatakayokuonyesha, kuliko maneno yangu.

Kama utaamua kwenda, usiende na machozi peke yake. Nenda na karatasi. Moja iwe masharti yaliyochapishwa, vipengele vile vitatu vimepigwa mstari. Ya pili iwe tarehe ya kuisha. Ya tatu iwe njia mbili za kutoka: bei ya kununua, na mpango wa kuhamia programu huria pamoja na gharama ya mashine ya pili. Na maneno ya kuanzia unaweza kuyafanya haya yako: "Mzee, ile programu ya bakapu niliileta kwa nia njema, lakini nimesoma masharti yake nikakuta hairuhusiwi kwa kazi yetu. Kosa la kutosoma ni langu. Tuna siku kadhaa, na nimeandaa njia mbili." Halafu unyamaze, umwache asome. Ukimya ule utakuwa mrefu, usiujaze.

Kuhusu baba mdogo, umeweka uzito wote upande mmoja. Umesema ukianguka unaanguka naye. Lakini fikiria yeye akiwa amekaa meza kuu, anasoma jina lako mbele ya wanachama, akisifu kitu ambacho mkwe wake anajua hakijakaa sawa. Ungekuwa wewe ni yeye, ungependa kuambiwa lini, na na nani? Wengine watakuambia umtangulize yeye kwa sababu ni mzee wa ukoo. Mimi naona ugumu hapo: akijua kabla ya Meneja, wale waliosemasema wakati wa usaili watakuwa wamepata la kusema. Lakini kumfanya alisikie kikaoni kama mgeni nako ni kumvunjia heshima. Pengine ni siku moja, Meneja asubuhi na yeye jioni nyumbani, mumeo akiwepo. Hayo ni ya familia yenu, mnajuana.

Kuna kitu kimoja nataka ukiangalie tena kwenye barua yako mwenyewe. Uliandika kwamba ile programu ilifanya kazi kama ndoto. Siku ya umeme, programu ilikuwa na bakapu. Aliyejua bakapu ipo wapi, akachukua kompyuta ya akiba, akarudisha mfumo kwa saa mbili na dirisha likafunguliwa, ni wewe. Kazi ile ungeifanya pia kwa programu huria. Bodi iliandika milioni 8 kwa sababu ni rahisi kuandika. Nasema hivi kwa sababu unazungumza kana kwamba leseni ikiondoka, ile ajira nayo haikuwa yako. Hilo nalitilia shaka.

Kwa kuwa sasa umeanza kusoma masharti, fungua na databesi ya mfumo wa Saccos uangalie ni toleo gani. Kama imejengwa juu ya SQL Server na ukakuta ni Developer, basi una mazungumzo mawili na si moja, na ni heri yawe ya siku ileile. Kama ni Express, angalia imefikia gigabaiti ngapi.

Kadi ya bluu usiitupe, hata kama ukiiona roho inakudunda. Ipige picha mbele na nyuma. Masharti nayo yapakue leo na uyahifadhi yakiwa na tarehe, maana huweza kubadilishwa, na wewe utahitaji kuonyesha yale uliyokubaliana nayo mwaka jana.

Na kesho ukifika ofisini, kabla hujaamua lolote kuhusu Meneja au mkutano mkuu, chukua diski ya nje na utoe nakala ya databesi yenyewe kwa njia yake ya kawaida, bila kupitia ile programu. Ifungue kwenye kompyuta nyingine uhakikishe inasomeka, kisha mpe mhasibu mkuu aifungie kwenye kasiki pamoja na hundi. Huhitaji ruhusa mpya kwa hilo, ni kazi yako. Halafu uniandikie, nataka kujua kama ilifunguka.

Mama yako wa safu hii